Kutafuta Asili ya Ukoo kwa Kufuata Mahali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye asili ya Tanzania Bara wanaotaka kujua wazee wao walitoka wapi hasa, na ambao wameshaona kwamba majina peke yake hayawafikishi mbali. Majina yetu yalibadilika kwa ubatizo, kwa jando, kwa kuhama, na karani wa bomani aliyaandika kama sikio lake lilivyomwambia. Kilima na makaburi havikuandikishwa upya.

Nianze na majina au na mahali?

Anza na mahali. Juma bin Ali wapo maelfu, na Yohana mwana wa Petro vivyo hivyo. Ila Juma bin Ali aliyekuwa akilipa kodi kwa jumbe fulani, kando ya mto fulani, huyo ni mmoja au wawili.

Isitoshe, karibu kila kumbukumbu ya zamani ilipangwa kwa mahali. Kodi ilikusanywa chini ya jumbe au mtemi, ubatizo uliandikwa kwenye misheni, vibarua walihesabiwa kwa kambi. Ukienda kwenye nyaraka na jina tu, hata mhudumu akiwa na moyo mwema hajui akushushie jalada lipi.

Mzee anasema tu "tulitoka Iringa". Nimwulize nini ili anipe zaidi?

Usimwulize tena jina la kijiji. Kama angelikumbuka angeshalitaja, na ukimbana atakupa jina la tarafa au la mji wa karibu ili mradi umwache apumue. Muulize maisha ya kila siku yalivyokuwa, kwa maana hayo ndiyo yenye jiografia ndani yake:

- Maji mlikuwa mkiteka wapi? Kwenda mlishuka au mlipanda?
- Gulio lilikuwa siku gani, na mkiondoka alfajiri mlifika saa ngapi?
- Chumvi ilitoka wapi?
- Jua lilizama nyuma ya mlima gani?
- Mgonjwa akizidiwa alibebwa kupelekwa wapi, na njiani mlivuka mto kwa miguu au kwa mtumbwi?
- Nani wa mwisho kuzikwa kule kabla hamjahama?

Mfano wa mazungumzo yanavyokwenda. "Shikamoo bibi. Maji mlikuwa mkiteka wapi?" "Marahaba. Tulikuwa tunashuka mtoni, kurudi unapanda na mtungi kichwani, magoti yanauma." "Mlipofika juu, nyumba ilikuwa karibu?" "Hapohapo ukingoni, ukisimama mlangoni unawaona wa ng'ambo wanaanika mtama." Bibi hajataja jina hata moja, lakini ameshakwambia kwamba nyumba ilikuwa ukingoni mwa bonde jembamba, upande wa pili kukiwa na kijiji kingine kilicho karibu kiasi cha kuonana, katika nchi inayostawi mtama. Ukiwa na ramani yenye mistari ya mwinuko, sehemu nyingi za wilaya zinaondoka zenyewe.

Na tafadhali, waulize kina bibi. Watu hukimbilia kuuliza wanaume kwa sababu ukoo unahesabiwa kwao, lakini waliokuwa wakitembea kila siku kwenda mtoni na kuni ni wanawake. Bibi aliyeolewa kutoka kijiji kingine ndiye hazina zaidi: anaikumbuka njia aliyopita alipokuja.

Cheti cha babu kinataja "Jimbo la Magharibi". Ni mkoa gani huo?

Mwingereza aliigawa Tanganyika kwa majimbo makubwa. Jimbo la Magharibi lilishika Tabora na Kigoma. Jimbo la Ziwa lilishika Mwanza, Bukoba, Musoma na Shinyanga. Baada ya Uhuru majimbo yakavunjwa kuwa mikoa, na mikoa nayo inaendelea kugawanywa: Lindi ulitolewa Mtwara mwaka 1971, Rukwa ukazaliwa 1974, Manyara 2002, kisha Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe 2016. Mtu aliyezaliwa Njombe mwaka 1950 hati zake zitasema Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, vyeti vya wanawe vitasema Mkoa wa Iringa, na wajukuu wake watakuwa wa Mkoa wa Njombe, wote bila mtu kuhama nyumba.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa "Ulanga". Leo ni wilaya yenye makao Mahenge. Zamani wilaya hiyo ilibeba Ifakara na Malinyi, na mto Kilombero wenyewe ulikuwa ukiitwa Ulanga. Babu akisema "mimi mtu wa Ulanga", huenda hajawahi kufika Mahenge.

Kwenye hati ya misheni kuna jina la Kijerumani ambalo halipo popote.

Lipo, limebadilishwa tu. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Wiedhafen ni Manda na Sphinxhafen ni Liuli, zote mbili Ziwa Nyasa.

Kinachosumbua zaidi ni tahajia. Mjerumani aliandika Moschi kwa Moshi na Mpapua kwa Mpwapwa. "Sch" isome "sh", "dsch" isome "j", "tsch" isome "ch", na "w" mara nyingi ilisimama mahali pa "v" yetu. Lisome jina kwa sauti, tena mbele ya mtu wa huko. Yeye atalitambua kabla yako.

Tazama pia majina yanayoanza na "Kwa". Ramani za zamani zilitaja kijiji kwa jina la mkubwa wake, na mkubwa akifa au akihama jina likaenda naye. Mengine yaliganda, ndiyo maana hadi leo tuna Kwamtoro upande wa Chemba na Kwamsisi na Kwamkono upande wa Handeni. Mengi zaidi yalipotea, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na majina matatu kwenye ramani tatu.

Kijiji chetu kilianza mwaka 1974. Kabla ya hapo tulikuwa wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu limegusa mamilioni. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Kabla ya hapo zilikuwepo operesheni za mikoa: ya Rufiji baada ya mafuriko ya 1968, ya Dodoma kuanzia 1970, ya Kigoma mwaka 1972. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mashamba yake, zilikusanywa kando ya barabara na kupangwa kwa mistari.

Maana yake ni kwamba kwa mikoa mingi, anayesema "kwetu ni kijiji fulani" anataja mahali ambapo ukoo wake una miaka hamsini hivi. Makaburi ya zamani hayapo hapo. Yako kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa.

Jina la kijiji lenyewe hukupa dokezo. Azimio, Umoja, Mapinduzi, Muungano, Songambele na mengine ya namna hiyo ni majina ya siasa, na yaliwekwa juu ya mahali palipokuwa na jina lingine au hapakuwa na watu. Kijiji kinachoitwa Mwongozo hakiwezi kuwa kilipata jina hilo kabla ya 1971, mwaka ulipotoka Mwongozo wa TANU. Ukikuta jina la aina hiyo, usilitafute kwenye ramani ya 1950. Tafuta jina la kijito kinachopita hapo.

Habari njema ni kwamba wengi hawakupelekwa mbali. Mara nyingi mahame yako umbali wa kwenda na kurudi kwa siku moja, na wapo waliokuwa wakirudi kuchuma maembe na korosho zao. Uliza: "Baada ya kuhamishwa, nani alikuwa akirudi kule, na alikuwa akirudi kufuata nini?" Sehemu zenye watu wengi tangu zamani, kama mlimani Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, hazikuvurugwa kiasi hicho, na Uchagani kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, chaweza kuwa palepale tangu babu wa babu, mipaka yake ikiwa ni masale yaliyopandwa na watu wasiokumbukwa tena.

Nikifika porini nitajuaje kwamba hapa ni mahame?

Miti ndiyo shahidi wa kwanza. Mwembe hauoti kwa mstari wenyewe. Miembe miwili mitatu mikubwa iliyo pamoja katikati ya pori, au minazi mbali na bahari, ni nyumba ya mtu. Usukumani na Unyamwezini, ambako utasikia watu wakisema matongo, tafuta minyaa iliyozunguka kama duara: huo ulikuwa ua. Mkonge uliopandwa kwa mstari nao ni mpaka.

Halafu tazama chini. Vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililobonyea katikati, mafiga, udongo mweusi zaidi kuliko wa jirani mahali palipokuwa zizi. Msimu wa kiangazi baada ya moto wa nyasi kupita ndio wakati mzuri. Wakati wa masika utapita juu ya uwanja mzima bila kuona kitu. Usiokote wala usichimbe. Piga picha, acha palivyo.

Ramani zipi zinafaa, na zinapatikana wapi?

Mbili zitakutosha kwa muda mrefu. Ya kwanza ni ramani ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, iliyohaririwa na Paul Sprigade na Max Moisel mwanzoni mwa karne ya 20. Sentimita moja ni kilomita tatu, kwa hiyo usitegemee kuona nyumba, lakini inaonyesha njia za misafara, majumbe na vijito. Maktaba kadhaa za Ulaya zimeiweka kwenye intaneti na waweza kuipakua bure.

Ya pili ni ramani za 1:50,000 zilizotolewa na idara ya upimaji na ramani ya serikali, sentimita moja kwa nusu kilomita. Humo kuna vilima vyenye majina, visima, njia za miguu, na hata nukta za nyumba. Karatasi iliyochorwa kabla ya 1973 ni dhahabu tupu, kwa kuwa inaonyesha watu walipokuwa wakikaa kabla ya kuhamishwa. Angalia pembeni mwa karatasi mwaka wa picha za ndege zilizotumika. Huo ndio mwaka unaoutaka, maana karatasi yenyewe hutolewa baadaye.

Picha za satelaiti ni za tatu. Zinafaa kuthibitisha, hazifai kuanzia. Usimwonyeshe mzee wa miaka themanini picha ya anga kwenye simu ukitegemea aseme "ni hapa". Mwambie akusimulie njia, hatua kwa hatua, na wewe ndiye ufuate kwa kidole.

Je, Nyaraka za Taifa zina kitu?

Zinacho. Dar es Salaam kuna majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, lakini kwa kazi hii omba kwanza vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri wa Kiingereza. Vinaeleza mipaka ya machifu, nasaba za watawala, majina ya maeneo na nani alihamia lini. Ukoo wa mtu wa kawaida hautajwi kwa jina, ila utajua chifu wake alitawala kutoka mto gani hadi mto gani. Visome kwa tahadhari: bwana shauri aliandika alichoambiwa na waliokuwa madarakani.

Sisi ni watu wa Same na Mwanga, lakini inasemekana "kwetu ni juu". Juu wapi?

Upare ni mfano mzuri wa jinsi mlima na reli vinavyoeleza historia ya familia. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi 1911, ikipita tambarare chini ya milima. Miji iliyokua kandokando yake ilijazwa na watu walioshuka. Kwa hiyo fuata njia iliyowashusha. Kutoka Mwanga unapanda Usangi na Ugweno. Kutoka Makanya unapanda Suji.

Ukishajua mlima, uliza ndiva. Ndiva ni bwawa la kukusanya maji ya mifereji, na waliomwagilia kutoka ndiva moja walifanya kazi pamoja kuizibua na kuitengeneza, hivyo walijuana kwa majina. Ukipata ndiva ya babu umepata majirani zake, na kupitia majirani utampata anayekumbuka. Kisha uliza mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo. Kila ukoo na wake, na hata uliobakiwa na miti michache bado watu watakuonyesha ulipo. Usiingie bila mwenyewe.

Dini pia ni dira. Wasabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini huko Mamba-Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, wakati Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa Shigatini, Upare Kaskazini, tangu 1900. Familia iliyokuwa ya Kisabato tangu enzi ya Mjerumani haiwezekani sana kuwa ilitoka Usangi.

Vitabu vya ubatizo navipataje kama sijui parokia?

Mbinu ni ileile: misheni gani ilikuwa karibu wakati huo? Leo kila kata ina kanisa, lakini mwaka 1900 watu walitembea siku nzima au zaidi. Wakatoliki wa Bagamoyo walianza 1868, Kilema 1891, Kibosho 1893, Peramiho 1898. Wamoraviani walikuwa Rungwe tangu 1891, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Masasi tangu 1876. Parokia mama ndiyo yenye vitabu vya zamani, hata kama kigango cha babu sasa ni parokia kamili. Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, na pembeni mwa jina la mbatizwa mara nyingi huongezwa ndoa yake na mahali ilipofungwa. Hiyo pembeni ndiyo itakayokwambia alihamia wapi.

Kwa familia za Kiislamu, ulizia orodha ya marehemu inayosomwa kwenye hitma. Nyumba nyingi za pwani zina daftari au karatasi ya majina hayo, na hakuna anayefikiri kwamba hiyo ni nyaraka. Uliza pia babu alisoma chuo kwa shehe gani na shehe huyo alitokea wapi.

Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge, na hakurudi kwao. Nitajuaje kwao?

Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, na ndani ya miongo michache mashamba ya Tanga, Korogwe, Kilosa na Lindi yalikuwa yanakula nguvu za vijana kutoka nchi nzima na nje yake: Kigoma, Njombe, Songea, Singida, Burundi, Msumbiji. Kuanzia miaka ya 1940 wengi waliandikishwa na shirika la wenye mashamba, lile wazee wanaloliita Silabu.

Hapa jiografia ya kambi ndiyo inayosema. Vibarua walielekea kukaa kwa makabila yao, na sehemu za kambi zilijulikana hivyo. Ukijua babu aliishi mistari gani ya nyumba, ngoma gani ilichezwa Jumapili, na nani alimsimamia kumwozesha bibi, umeshakaribia. Kama kuna kipande chake, ile kadi ya kuwekewa alama za siku 30 za kazi, au stakabadhi ya kodi iliyokunjwa ndani ya Kurani, Biblia au mkebe, itazame kwa makini. Uliza pia alipanda gari moshi kituo gani. Waha wengi hawakuwa na njia nyingine ila reli ya kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Tumeambiwa sisi ni Wamanyema wa Kariakoo. Hilo ni kabila?

Manyema ni nchi iliyo mashariki mwa Kongo. Waliokuja kutoka huko katika karne ya 19, wengine kwa utumwa, wengine kwa misafara ya pembe, walitoka makabila mengi na huku wakapewa jina moja. Njia yao iko wazi kwenye ramani: Ujiji, Tabora, kisha pwani. Kwa hiyo usiruke kutoka Kariakoo moja kwa moja hadi Kongo. Tafuta ndugu Ujiji na Tabora kwanza, maana familia nyingi ziliacha watu kila kituo.

Mzee hajui mwaka wowote. Nitapangaje matukio?

Kwa mikasa ya mahali. Majimaji ilikuwa 1905 hadi 1907, kusini. Ugogoni njaa ya Mtunya ilikuwa 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kula nafaka na mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili na kufukuza watu wa ufukweni. Mama akisema alijifungua mtoto "mwaka maji yalipoingia nyumbani", tofauti kati ya Musoma na Utete inakupa mwaka tofauti: wa Rufiji pengine anasema 1968.

Nikienda kijijini watanipokeaje?

Vizuri, kama hawatadhani umekuja kudai shamba. Hili si jambo la kudharau. Mahame ya ukoo wako leo yaweza kuwa shamba la mtu, malisho ya waliohamia na ng'ombe wao, au hifadhi. Mgeni mwenye simu ya kupima mahali, anayeuliza mipaka na makaburi ya babu yake, anafanana kabisa na mtu anayejiandaa kwenda baraza la ardhi.

Pita kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, useme mbele ya watu kwamba unatafuta ukoo, hutafuti ardhi. Nenda na mzee mmoja wa huko, si na gari lililojaa ndugu wa mjini. Ukionyeshwa makaburi, uliza desturi kabla ya kukaribia. Kwingine utatakiwa kutoa kitu, kwingine kuomba dua tu. Mipaka usiulize kabisa siku ya kwanza.

Nikishapapata, niandike nini?

Nukta ya mahali kutoka kwenye simu, jina la kijito cha karibu, jina la kilima, jina la sasa la kitongoji, kata na wilaya, kisha jina lililotumika wakati wa babu pamoja na jimbo la wakati huo. Andika nani alikwambia na tarehe. Chora kwa mkono ramani ndogo yenye miti na makaburi, hata kama huwezi kuchora, na mpe mzee aliyekuongoza nakala yake kabla hujaondoka, kwa sababu atakapoitazama usiku ataona ulichokosea na asubuhi atakuita.